Wiki Sita za Kupumzisha Vidole

Kwa wiki sita nilimkataza shangazi yangu kufanya kazi. Nimelea wadogo zangu watatu, nimekaanga vitumbua vya kuuza, nimefua nguo za watu, nimepandisha ndoo za maji hadi ghorofa ya tatu, lakini kazi iliyonichosha kuliko zote ni hiyo ya kumzuia mwanamke wa miaka sabini na kitu asishike kitu.

Shangazi ni mtu wa Bwejuu na kazi yake ni makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani, kwenye mashimo yanayofikiwa na maji, yakakaa miezi mpaka yakalainika. Kisha hufukuliwa, yakapigwa kwa gongo hadi zikabaki nyuzi tupu, na nyuzi hizo zikikauka husokotwa kamba kwa viganja viwili. Shangazi ameifanya kazi hiyo tangu hajavunja ungo. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu, zinang'aa kama kitasa cha mlango wa zamani, hazina mchirizi wowote. Mimi niliijua mikono hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu imepungukiwa.

Mwaliko ulitoka Maskati. Jamaa wa kule wenye asili ya kwetu walikuwa wanatayarisha maonyesho ya kazi za mikono, wakaomba watu wazima wanane wa Unguja waende wakae kitako, wafanye kazi zao, watu wawaone. Vijana hawakuwataka. Walisema wazi kwamba wanataka waliojifunza kwa mama zao. Kikundi chetu kina chumba kimoja Mji Mkongwe, chini, nyuma ya msikiti, na wazee wetu husuka mikeka, hushona kofia, na wale wa mashamba huleta kamba. Mimi ndiye katibu. Niliacha shule darasa la nane, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, lakini mwandiko wangu ni mzuri na huwa sisahau, kwa hiyo kazi ya ukatibu hainishindi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi ya safari, alichukua upande wa tiketi na viza. Mimi nikachukua upande wa watu.

Shangazi hakuwa na haja na maonyesho. Yeye Maskati ana mdogo wake. Huyo shangazi yangu mwingine aliolewa akiwa msichana, akachukuliwa kule, na tangu hapo hakurudi. Kwanza haikuwezekana, halafu ikawa watoto, na sasa ni magoti, maana hata kutoka chumbani hadi ukumbini hushikwa mkono. Walikuwa wakionana kwenye simu. Shangazi huisogeza simu mpaka karibu igonge pua, wakacheka, wakalia kidogo, na mwisho wa kila mazungumzo humwambia mwenzake neno lile lile: "Basi mdogo wangu, uso nauona, lakini mkono wako sijaushika."

Siku niliyokwenda Bwejuu kumwambia kwamba jina lake nimeliandika la kwanza, alinyanyuka akaenda kuwafungia kuku, na jua lilikuwa bado la saa tisa.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikuwa na daftari la wasafiri, na nadhani nililifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua mlango wa nyumba yangu. Nani hana cheti cha kuzaliwa. Nani ana cheti lakini kitambulisho chake kimeandikwa mwaka mwengine. Barua ya sheha ya huyu, barua ya sheha ya yule. Dawa za presha zipangwe vipi. Nani hawezi kukaa karibu na nani. Nilikuwa nakwenda mjini asubuhi, narudi nyumbani Kiembe Samaki adhuhuri, na kabla sijavua baibui nakumbuka kitu, narudi tena.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Tuliitwa ofisi ya paspoti wiki moja baada ya Idi Kubwa, wote wanane pamoja na mimi. Siku moja kabla, tulikutana kwenye chumba chetu ili nihakikishe makaratasi. Bibi mmoja, mshona kofia wa Malindi, mwenye mdomo, akanyoosha mikono yake na kuiangalia.

"Hina ya Idi hii ishapauka," akasema. "Ndo twende tukapigwe picha za serikali na mikono hivi?"

"Picha ya paspoti ni ya uso," nikamwambia.

"Mikono nnaiacha nyumbani?"

Wakacheka wote. Na mimi, badala ya kuendelea na makaratasi, nikaona raha. Wanawake wa rika hilo, wengi wao hawajawahi kuvuka bahari zaidi ya kwenda Dar es Salaam hospitali, sasa wanataka hina ya safari. Nikampigia simu binti wa mtaani anayepaka hina. Akaja na hina yake na piko, ile rangi nyeusi, akawapaka alasiri nzima, maua kwenye viganja na ncha za vidole zote zikachovywa, nyeusi tii. Na mimi nikapakwa. Shangazi, ambaye tangu afiwe na mumewe hakuwa amepaka, alitoa mikono yake miwili bila kuambiwa.

Kesho yake tukaingia ofisini tukinukia. Ofisa alikuwa msichana mwenye miwani, mpole. Akamwita mshona kofia awe wa kwanza, akamwambia aweke kidole kwenye kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akakifuta kioo, akamwambia aweke tena. Ikakataa. Akainuka akatuangalia mikono yetu, mmoja baada ya mmoja, kwenye benchi lote.

"Mama zangu, mmetoka harusini?"

"Ndo tunakwenda," mshona kofia akamjibu.

"Hapa hamtopimika. Mashine inataka kuona michirizi ya kidole, na hii rangi imeziba. Rudini ikishatoka."

"Itoke lini?"

"Wenyewe ndo mnaijua hina yenu."

Tulikaa nje chini ya ukuta, mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku hadi Maulidi, kwa sababu safari ilikuwa baada ya Maulidi tu, na mdogo wangu alishaniambia kwamba viza haiombwi bila namba ya paspoti. Kwa wiki tatu zilizofuata walisugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa majivu. Bibi mmoja alifua nguo za nyumba nzima, jambo ambalo mkwe wake alisema hajaliona tangu aingie nyumba ile.

Tuliporudi, mashine ilituchukua wote. Isipokuwa mmoja.

Shangazi aliweka kidole gumba. Ofisa akamwambia abonyeze zaidi. Akabonyeza. Akajaribu cha shahada, cha kati, mkono wa pili. Ofisa akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akamfuta kwa kikavu. Kwenye kioo cha kompyuta, pale ambapo wenzake walitokea mizunguko na mistari, yeye alitokea weupe tu, kama mtu aliyeweka kijiko.

"Bi mkubwa, unafanya kazi gani?"

"Makumbi, mwanangu."

"Ndiyo hayo. Yameifuta yote."

"Kwa hivo mashine inataka vidole vya mvivu," shangazi akasema, bila kukasirika.

Ofisa akacheka, kisha akanigeukia mimi na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba ngozi hurudi. Ameshaona watu wa kazi hizo. Apumzishe mikono, asipige, asisugue, asishike sabuni kali, apakwe mafuta asubuhi na jioni, arudi baada ya wiki sita. Nikamuuliza kama itarudi hakika. Akasema hawezi kuniapia.

Wiki sita zilitufikisha mwisho kabisa wa siku tulizokuwa nazo. Jioni ile ile nilimchukua shangazi kwangu Kiembe Samaki, kwa sababu nilijua kumwacha Bwejuu karibu na mashimo yake ni kujidanganya.

Siku ya kwanza nilimkuta anakuna nazi. Siku ya pili anachambua mchele, nikamwachia, kisha nikaona jinsi anavyousugua kwenye ungo, nikamnyang'anya. Mdogo wangu alimletea glovu za mpira. Shangazi akazishukuru sana, akazifanya vifuko vya mbegu za bilingani. Siku ya tano nilitoka kwenda kwa sheha na niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Nikasikia mlio nyuma, kwa jirani, mlio ninaoujua. Alikuwa amekaa chini, mchi wa kinu mkononi, anapiga makumbi makavu ya jirani ambayo hata hayakufukiwa, hayana faida yoyote, hayawezi kutoa uzi wa maana.

"Shangazi."

"Naam."

"Tumesemaje?"

"Nnayaamsha tu," akasema.

Nilichukua mchi. Nikamkalisha ukumbini, nikamminia mafuta ya nazi viganjani, nikampaka kidole kimoja kimoja kama mtoto. Ndege ikapita juu ya bati, kwa maana sisi tuko karibu na uwanja, na yeye akanyanyua uso akaifuata mpaka sauti ikaisha. Mikono yake ilikuwa inasuguana yenyewe. Haukuwa ugonjwa. Ilikuwa inatafuta kitu.

Mimi nami sikuwa na hali nzuri zaidi. Nilikuwa nikimpaka mafuta huku nafikiri kama nimeweka nakala ya cheti cha yule bibi wa Matemwe. Nilikuwa nikiamka alfajiri namwangalia vidole kwenye mwanga wa dirisha, nikivigeuza, nikitafuta mstari. Siku nyingine nauona, siku nyingine najiona nimeutaka tu.

Wiki ya nne mdogo wangu alikuja, akakaa na daftari langu magotini.

"Dada, nataka kusema kitu na usinune."

"Sema."

"Majina yanatakiwa kule. Tukichelewa wanakosa wote. Huyo ofisa mwenyewe kasema haapi. Wapo wasokotaji wengine, hata hapo hapo Bwejuu. Tumtie mwengine, shangazi tumpeleke siku nyengine."

"Siku ipi?"

Akageuza ukurasa. Alijua kama mimi kwamba magoti ya yule wa Maskati hayangoji, wala miaka ya huyu wa kwetu.

"Jina lake halitoki," nikamwambia. "Peleka majina saba ya wazee na langu, la mzee wa nane waambie linakuja. Wakisema halisubiriwi, na mimi nitoe."

"Wewe ndo kiongozi wa safari."

"Basi watafute na kiongozi."

Akafunga daftari. Ni mtu wa ofisi, anavaa shati lililopigwa pasi, ana lugha tatu. Lakini nilimlea mimi, na anajua sauti yangu ikifika pale huwa haishuki.

Shangazi alikuwa nyuma ya pazia. Mdogo wangu alipoondoka akatoka, akakaa kwenye mkeka.

"Kwa nini unajisumbua hivo?"

"Sijisumbui."

"Tangu nije sijakuona umekaa. Chai unainywa umesimama. Mie nimekatazwa na serikali, we kakukataza nani kupumzika?"

Nikasema nina mambo mengi. Akanikumbusha jambo ambalo hatukuwa tumelizungumza kwa miaka. Mama alipozikwa, ndugu walikaa wakapanga: huyu mtoto aende kwa fulani, yule kwa fulani, na shangazi amchukue mdogo kabisa Bwejuu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilisimama mlangoni nikasema hawagawiwi. Nikaambiwa nina adabu mbaya. Nikasema tena. Shangazi peke yake ndiye aliyenyanyuka akasema, "Basi muacheni." Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa, aliteremka mjini na mzigo wa kamba kichwani, akaniachia niuze, akarudi na gari ya jioni bila hata kunywa maji. Hakukosa Ijumaa hata pale alipokuwa na homa. Wadogo zangu watatu wamesoma. Huyo mwenye lugha tatu amesoma kwa kamba zile.

"Nlikuwa nnakuogopa," shangazi akasema. "Kitoto kile, kimesimama mlangoni kama askari."

"Na mimi nilikuwa naogopa."

"Nnajua. Ndo maana nikasokota."

Nikavishika vidole vyake vilivyojaa mafuta na sikuweza kuviangalia kama nilivyokuwa nikiviangalia kila siku, kutafuta mstari. Nilijua sasa michirizi ile imekwenda wapi, na nilijua pia kwamba siku ya mashine kujua huko hakutanisaidia.

Wiki ya sita tukarudi ofisini. Msichana wa miwani alimkumbuka. Akamfuta vidole kwa kitambaa, akamwambia asibonyeze sana, aache kidole kilale tu. Gumba la kushoto likatoka. Halikuwa safi, lakini lilikuwapo. La kulia likakataa mara tatu, mara ya nne likakubali. Cha shahada cha kulia ndicho kilichotusumbua. Ofisa alikiweka, akakitoa, akakipulizia pumzi, akakiweka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma nimeshika kitambaa changu mwenyewe mpaka kikasokotana kama kamba. Watu nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kuguna. Mara ya sita au ya saba, kompyuta ikalia.

"Imetosha," ofisa akasema. "Njoo uone, bi mkubwa."

Shangazi akainama kwenye kioo. Kulikuwa na mistari myembamba, mingine imekatika njiani.

"Hiyo ndo yangu?"

"Yako mwenyewe."

"Kama mchanga maji yakishatoka," shangazi akasema, na akaendelea kuangalia mpaka akaombwa kupisha.

Nje akaniambia nimpeleke Bwejuu moja kwa moja, makumbi yake yamekaa shimoni mno. Nikampigia simu mdogo wangu kumpa habari. Alifurahi, nilimsikia, lakini akaongeza:

"Dada, usimuachie bado. Nimeambiwa kule nako wanapima vidole mtu akishuka. Alama zikifutika tena wanaweza kumuweka kizuizini."

Nikabaki nimesimama pale na simu sikioni. Shangazi alikuwa ameshakunja mikono ya gauni lake.

Nilipomwambia, hakupandisha sauti. Aliteremsha mikono ya gauni polepole, upande mmoja, kisha wa pili.

"Hivi huko wananiita nikafanye nini?"

"Ukasokote kamba."

"Na nisisokote mpaka nifike."

"Ndiyo."

"Kwa mikono hii ya bibi arusi."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na safari hii na mimi nilicheka.

Paspoti yake ilitoka baada ya siku ya Maulidi kupita, viza ikafuata ikiwa imebaki siku nne. Siku zote hizo nilimlinda kama yai. Ndani ya ndege alikaa amefumbata mikono ndani ya khanga, na mhudumu alipomletea chakula alitaka mimi nimfungulie kila kitu, kwa dhihaka, akisema asije akafutika. Uwanjani Maskati niliwapanga mstari wote wanane nami nikawa wa mwisho, ili nione. Zamu ya shangazi ilipofika aliweka kidole, akakilaza kama alivyofundishwa. Taa ikawaka kijani. Yule kijana wa dirishani hata hakunyanyua uso.

Nyumbani kwake, mdogo wa shangazi alikuwa amekalishwa ukumbini, kwenye kiti kirefu, miguu juu ya mto. Mwanawe ndiye aliyetufungulia mlango. Shangazi hakukimbia, hakupiga kelele. Alivua viatu, akatembea juu ya zulia, akapiga magoti mbele ya kiti, akaunyoosha mkono wake na yule mwingine akaupokea kwa mikono miwili.

Akaushika. Akaugeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye kiganja, kwenye ncha ya kila kidole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na hakioni. Uso wake, ambao tangu tuingie ulikuwa unacheka na kulia, ukatulia ghafla.

"Dada, mikono hii si yako."

"Yangu."

"Mikono yako mie naijua. Nimeondoka nayo." Akanyanyua macho akaniangalia mimi, niliyekuwa nimesimama karibu na mlango. "Nani siku hizi anakufanyia kazi?"

Shangazi akanionyesha kwa kidevu. "Huyo. Kanifunga wiki sita, na ziada. Keshokutwa njoo unione kwenye maonyesho. Nikisokota pima mbili tatu yatatoka malengelenge, halafu utanijua."

"Mie siwezi kutoka."

"Basi nitakuja nayo hapa jioni uyaone."

Mdogo wake akacheka huku machozi yanamtoka, na hakuuachia mkono. Walikuwa wameshaanza kuzungumza wote wawili kwa pamoja, kwa Kiswahili cha Bwejuu ambacho mimi mtu wa mjini hunipita nusu yake. Mimi nilikuwa na mkoba begani wenye paspoti tisa, na wazee saba walikuwa wananisubiri hotelini, na kesho kulikuwa na gari ya kuulizia.

"Kaa, mwanangu," yule wa kwenye kiti akaniambia. "Umesimama kama askari."

Shangazi akageuka kuniangalia. Nikavuta kiti karibu na mlango, nikakaa, nikaweka mkoba mapajani. Nikatulia kwa muda, nadhani wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Kisha nikafungua zipu kidogo, wasinione, nikazihesabu tena.